Nyanda za Juu: Paa la Nchi Yetu

Siku ya mfanyakazi wa mjini huanza kwa chai. Mchana, akijaliwa, hula wali. Jioni watoto hudai viazi vya kukaanga, na usiku ukiingia huwashiwa taa wakadurusu masomo yao. Ni nadra mtu kujiuliza vitu hivyo vimetoka wapi. Chakula amekikuta sokoni, na umeme umemfikia ukutani. Lakini tukiifuata chai hiyo hadi shambani, viazi hivyo hadi tutani, mchele huo hadi kwenye jaruba lake, na umeme huo hadi kwenye maji yanayouzungusha mtambo, mara nyingi njia zote hutupeleka upande mmoja: kwenye nyanda za juu za nchi yetu, au kwenye mabonde yanayonyweshwa na nyanda hizo.

Uwanda wa juu ni nchi tambarare iliyoinuliwa. Si mlima, kwa maana hauna kilele kimoja ambacho mtu atakipanda na kusema amefika. Wala si bonde. Ni kama meza: juu pamesawazika, na pembeni kuna kingo ambazo aghalabu huporomoka ghafla. Mtoto wa shule akiitazama ramani ya Tanzania ataona rangi ya kijani ya pwani ikiwa ukanda mwembamba tu, kisha rangi ya kahawia ikatanda karibu nchi nzima. Kahawia hiyo ndiyo nyanda za juu. Sehemu kubwa ya nchi yetu imekaa juu ya uwanda wa kati, wenye kimo cha baina ya meta 1,000 na 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Tabora iko kwenye meta 1,200 hivi, na Dodoma kwenye meta 1,100 na ushei.

Miamba ya uwanda huo wa kati ni mikongwe mno. Matale, yale majabali ya mviringo yanayoonekana yamepandana huko Dodoma, Singida na Mwanza, ni ya umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Kwa muda huo wote mvua na upepo vimeilamba ardhi hata ikasawazika, na nguvu zilizo chini ya ardhi zimeiinua na kuipasua. Mipasuko hiyo ndiyo iliyozaa Bonde la Ufa, na ndiyo iliyoziacha baadhi ya nyanda zikiwa zimesimama juu kama kuta za ngome.

MAJI YANAPOGAWANA

Katika uwanda huu maji ya Afrika huagana. Mvua inayonyesha upande wa Ziwa Victoria huingia ziwani, ikafuata Mto Naili hadi Misri na bahari ya Mediterania. Mvua ya magharibi ya Tabora huchukuliwa na Malagarasi hadi Ziwa Tanganyika, ikapita Mto Lukuga, ikaingia Kongo, na mwisho ikafika bahari ya Atlantiki. Ile ya mashariki na kusini hurudi Bahari ya Hindi ilikotoka, kwa Rufiji, Ruvu, Wami na Ruvuma. Nayo ile ya Wembere na ya Rukwa haifiki bahari yoyote. Huishia katika maziwa yasiyo na mlango wa kutokea. Mawingu mawili yaliyofuatana angani yanaweza kumwaga mvua juu ya uwanda mmoja, na maji yake yasikutane tena.

Tambarare hii ndiyo pia iliyoziongoza njia za watu. Misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipata taabu kubwa katika kuzipanda kingo. Ikishafika juu, safari ya Unyanyembe ilikuwa ya ardhi sawa, ingawa ya kiu. Reli ya Kati iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 ilifuata takriban mkondo huohuo. Hata reli mpya ya kisasa, ambayo treni zake zilianza kufika Dodoma mwaka 2024, imelazimika kuchimbiwa mahandaki huko Kilosa, pale nchi inapoanza kupanda.

Hata hivyo, nyanda hazifanani. Uwanda wa Makonde, huko kusini mashariki, ni funzo kwa kila anayedhani kwamba juu ni lazima pawe na maji. Ardhi yake ni ya kichanga na hupitisha maji kwa wepesi. Mvua ikinyesha huzama chini kabisa na kutokea chemchemi mabondeni, mbali na watu. Kwa vizazi vingi akina mama wa Newala waliteremka makorongo na kupanda tena na mitungi kichwani. Mikorosho hustawi katika mchanga huohuo uliowanyima watu maji. Anayesimama Newala, penye genge liitwalo Shimo la Mungu, huliona bonde la Ruvuma likimetameta mbali chini yake.

Uwanda wa Ufipa, upande wa pili wa nchi, umebanwa baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Sumbawanga iko kwenye kimo cha meta 1,800 hivi, na baridi yake huwashangaza wageni. Wafipa walikuwa mafundi mashuhuri wa kuyeyusha chuma kwa tanuri ndefu za udongo, na kilimo chao cha kufukia majani katika matuta ya mviringo kiliilisha ardhi kabla ya mbolea za dukani kufika. Ukingoni mwa uwanda huo Mto Kalambo huanguka zaidi ya meta 200 kwa mruko mmoja, mpakani na Zambia, kuelekea Ziwa Tanganyika.

KUIPANDA KITONGA

Lakini nyanda zinazomgusa zaidi mkazi wa mjini ni zile za kusini: Iringa, Njombe na Mbeya. Njia bora ya kuzifahamu ni kuziendea kwa barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, kwa kuwa barabara hiyo humfundisha msafiri jiografia hatua kwa hatua.

Baada ya Mikumi basi huingia katika bonde lenye joto na mibuyu minene, na karibu na Ruaha Mbuyuni barabara hufuatana na Mto Ruaha Mkuu. Maji anayoyaona msafiri hapo yametoka bwawa la Mtera na yanakwenda Kidatu. Wauza vitunguu hukimbilia madirisha. Kisha ukuta wa mlima husimama mbele, na mazungumzo ndani ya basi hupungua, maana Kitonga imefika. Malori yaliyosheheni hupanda kwa mwendo wa mtu mzima atembeaye, yakiunguruma. Upande mmoja kuna mwamba na upande wa pili kuna korongo. Basi likimaliza kona ya mwisho, hewa hubadilika. Watu huvaa masweta. Kwa kila meta 1,000 mtu anazopanda, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi, na Iringa iko kwenye meta 1,600.

Ukingo huu umepata kuwa boma la vita. Mbele kidogo, kando ya barabara, ndipo Lugalo, mahali ambapo mwezi Agosti 1891 Wahehe wa Mtwa Mkwawa walikivunja kikosi cha Wajerumani kilichokuwa kimepanda kuja kuwatiisha. Miaka mitatu ilipita kabla ya ngome ya Kalenga kuangushwa. Aliyeishi juu alimwona adui mapema, na adui alifika kwake akiwa amechoka.

Kutoka Iringa nchi hupanda polepole. Mafinga na Mufindi ni nchi ya ukungu, chai iliyokatwa kama zulia, na misonobari ya Sao Hill, ambalo ndilo shamba kubwa kuliko yote ya miti ya Serikali. Miti hiyo ndiyo iliyofanya kiwanda cha karatasi kijengwe Mgololo, kikaanza kazi mwaka 1985. Njombe ni nchi ya viazi, chai, miwati, na siku hizi maparachichi yanayosafirishwa ng'ambo. Hapo Makambako reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya mwaka 1970 na 1975, hukutana na barabara. Mafundi wa Kichina, Kitanzania na Kizambia walikuwa wamepata kazi ngumu kuliko zote katika kipande cha kutoka Mlimba hadi hapa, kwani reli ilipaswa kuupanda ukingo wa uwanda kwa madaraja na mahandaki mfululizo.

Ukingo huohuo unaowatesa wajenzi wa reli ni neema kwa wajenzi wa mitambo. Mto Kihansi hutoka katika uwanda wa Udzungwa na kuporomoka kuelekea bonde la Kilombero. Kwa kuyachukua maji juu na kuyaachia katika mteremko wa zaidi ya meta 800, taifa lilipata mwaka 2000 kituo cha umeme cha megawati 180 bila ya kujenga bwawa kubwa. Neema hiyo ilikuwa na gharama yake. Katika manyunyu ya maporomoko hayo aliishi chura mdogo wa manjano, ambaye wanasayansi walimgundua mwaka 1996, na ambaye hazai mayai bali watoto. Maji yalipohamishwa manyunyu yalipungua, na mwaka 2009 ilitangazwa kwamba amekwisha toweka porini. Waliosalia walikuwa wakilelewa Marekani. Mwaka 2012 walianza kurudishwa Kihansi, ambako sasa manyunyu hutengenezwa kwa mabomba. Kumbe hata tone dogo la maji ya ukingoni lilikuwa na mwenyewe.

HAMSINI NA SABA

Baada ya Makambako barabara huteremka ghafla na kuingia katika mbuga ya Usangu. Masweta huvuliwa. Upande wa kushoto wa msafiri hubaki ukuta mrefu wa milima ya Kipengere, na kutoka ukuta huo mito huteremka mmoja baada ya mwingine kupita chini ya madaraja: Mbarali, Kimani, Chimala.

Pale Chimala ipo njia ya vumbi inayouparamia ukuta huo hadi Matamba. Wenyeji huiita Hamsini na Saba, ndiyo idadi ya kona zake. Abiria mgeni huanza kuzihesabu kwa mzaha, akifika ishirini akanyamaza. Nyuma yake Usangu hupanuka kama shuka lililotandikwa, majaruba yaking'aa kwa maji. Mbele yake kuna baridi na mashamba ya viazi, pareto na ngano. Juu zaidi, karibu meta 2,600 kutoka usawa wa bahari, ndipo Kitulo.

Wazungu waliupa uwanda huo jina la Elton, Mwingereza aliyepita hapo mwaka 1877. Wenyeji wana jina lao zuri zaidi: Bustani ya Mungu. Hakuna mti wa kuzuia macho. Ni majani mafupi yanayolala na kuinuka kwa upepo, na mvua za Novemba hadi Aprili zikishika, majani hayo huchanua maua ya kila rangi, zikiwamo okidi za aina zaidi ya arobaini. Mwezi Juni na Julai sakitu huyafanya majani kuwa meupe alfajiri. Mwaka 2005 Kitulo ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, na inasifiwa kuwa ya kwanza katika Afrika ya joto kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua. Misitu ya kandokando yake, pamoja na ile ya Mlima Rungwe, ndiyo makao ya kipunji, kima ambaye wataalamu walimtambulisha kwa ulimwengu mwaka huohuo wa 2005 ingawa wawindaji wa huko walikuwa na jina lake tangu zamani.

Uzuri huo una adui zake. Mizizi ya okidi huchimbwa na kuuzwa Zambia, ambako husagwa pamoja na karanga kupikwa chikanda, kitoweo kinachopendwa sana. Na viazi, ambavyo bei yake nzuri mjini humvuta mkulima, hutaka ardhi mpya kila mara.

Lakini tuyaache maua. Kazi kubwa ya Kitulo haionekani kwa macho. Udongo wake umetokana na volkeno za kale. Ni mweusi, laini na hunywa maji. Majani yanauzuia usichukuliwe. Mvua ya miezi sita huingia humo, na kwa miezi sita isiyokuwa na mvua udongo huo huiachia kidogo kidogo katika chemchemi na vijito. Familia nyingi za pwani hukinga maji ya mvua kutoka paani na kuyaweka katika mapipa, ili wapate ya kutumia mvua ikikatika. Kitulo ni paa na ni pipa pia. Mito ya Ruaha Mkuu huanzia katika uwanda huu na milima jirani ya Uporoto na Kipengere.

SHAURI LA RUAHA

Sasa tuyafuate maji hayo kurudi chini. Yakishafika Usangu hukutana na mifereji. Mpunga umelimwa hapa kwa muda mrefu. Shamba kubwa la Mbarali lilianzishwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China, na wakulima wadogo kwa maelfu wamechimba mifereji yao wenyewe. Mchele wao ndio unaopikwa Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma. Maji yanayosalia huingia katika kinamasi cha Ihefu, na kutoka kinamasi hicho mto huendelea kupita Hifadhi ya Ruaha hadi Mtera.

Ihefu ina siri yake. Mlango wake wa kutokea, pale Ng'iriama, umezibwa na kizingiti cha mwamba. Maji yakiwa juu ya kizingiti, mto hutiririka. Yakishuka chini yake hata kwa shibiri moja, mto husimama kabisa, na yaliyomo kinamasini huliwa na jua. Kwa hiyo si lazima maji yote ya Usangu yachukuliwe ndipo mto ukauke. Yatosha kuchukua kiasi cha kuishusha Ihefu chini ya mwamba.

Na ndivyo ilivyotokea. Ruaha Mkuu, ambao wazee waliujua ukitiririka mwaka mzima, ulisimama kiangazi cha mwaka 1993, na kwa miaka mingi tangu hapo umekuwa ukisimama kila kiangazi, mara kwa wiki, mara kwa miezi. Viboko na mamba hubanana katika vidimbwi. Mwaka 2001 Serikali ilitangaza dhamira ya kuurudishia mto mtiririko wa mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2006 wafugaji na mifugo yao waliondolewa katika bonde hilo, na mwaka 2008 eneo la Ihefu liliunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Hata hivyo mwaka 2010 ulifika mto ukiwa bado haujapona.

Mwaka huohuo wa 2006 wakazi wa mijini walipata kuonja shauri hili. Mvua ilikuwa haba, bwawa la Mtera likashuka, mitambo ya Mtera na Kidatu ikakosa maji ya kutosha, nchi ikaingia katika mgao wa umeme. Viwanda vilisimama, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani, vinyozi na washonaji wakakaa bila kazi. Wengi walilaumu shirika la umeme na wengine mawingu. Wachache walioitazama ramani walijua kwamba sehemu ya jibu ilikuwa juu zaidi, katika vijito ambavyo hata majina yao hayaandikwi.

Ni rahisi kumtafuta mwenye makosa. Mkulima wa mpunga humnyoshea kidole mfugaji; mfugaji humnyoshea mkulima; wote wawili huambiwa na wahifadhi kwamba wamezidi. Juu uwandani mambo ni hayohayo. Huko Iringa na Njombe ipo desturi ya vinyungu, yaani bustani zinazolimwa katika mabonde yenye unyevu wakati wa kiangazi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka kando ya mto. Muulize mama mwenye kinyungu, atakujibu kwamba bustani hiyo ndiyo ada ya shule ya wanawe na mboga ya miezi ambayo ghala ni tupu. Jibu hilo haliwezi kupuuzwa. Wala haiwezi kupuuzwa hoja ya kwamba bonde likishatobolewa kwa mifereji ya kulikausha, au likipandwa mikaratusi inayokunywa maji kwa pupa, kijito hufa, na kinyungu chenyewe hufa baadaye.

Nasi wa mijini hatuna haki ya kujitoa katika kesi hii. Sisi ndio tunaotaka mchele wa bei nafuu, na sisi ndio tunaotaka taa isizimike. Vyote viwili hutoka katika maji yaleyale. Sisi ndio tunaonunua viazi vya Kitulo bila kuuliza vimelimwa mteremko gani. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115 na ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha umeme mwaka 2024, limeongeza nguvu yetu mno. Halikuiondoa hoja; limeikuza. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji huletwa na Kilombero, na Kilombero hulishwa na mito inayoporomoka kutoka nyanda za Njombe, Mufindi na Udzungwa. Bwawa likiwa kubwa kiasi gani, halitengenezi maji.

Dawa zake si ngeni wala si za miujiza. Mifereji ya Usangu inaweza kujengewa milango ya kufungwa mpunga unapokwisha vunwa, ili maji ya kiangazi yarudi mtoni badala ya kupotea mashambani. Miti rafiki wa maji inaweza kupandwa chemchemini, na mikaratusi ikapelekwa vilimani panapoifaa. Mwenye kinyungu anaweza kusaidiwa kulima bila kulikausha bonde zima. Lakini hayo yote hudai fedha na subira, na ni haki kwamba anayefaidi chini achangie gharama ya anayehifadhi juu. Mkulima wa Matamba hawezi kuachiwa peke yake mzigo wa kuwasha taa za Kinondoni.

Wazazi wanaweza kuanza leo, mezani. Ramani ya nchi itandazwe mbele ya watoto, waonyeshwe kahawia ile pana na vijistari vya buluu vinavyotoka humo. Kila mtoto achague mto mmoja na kuufuata kwa kidole hadi mwisho wake. Atakayeuchagua Ruaha Mkuu atapita Usangu, Ihefu, Mtera na Kidatu kabla hajafika Rufiji. Naye aulizwe, katika safari yote hiyo, ni nani anayeweza kusema kwamba maji hayo ni yake peke yake.